Mwalimu mpya: vile utajua unachokiweza na unachofaa kuboresha, mwongozo kamili hatua kwa hatua

Kila muhula walimu wapya huniletea ile karatasi ya kujitathmini niipitie kabla hawajaipeleka kwa mkuu wa idara, na kila muhula nakuta mambo yale yale. Upande wa nguvu: mimi ni mwenye bidii, mvumilivu, napenda watoto. Upande wa kuboresha: muda hautoshi, darasa ni kubwa, vitabu ni vichache. Nairudisha, inaandikwa upya, inakuja na maneno mengine lakini jambo ni lile lile.

Si uvivu, wengi wao wanajituma kabisa. Ila bidii na uvumilivu ni tabia, mtu akiketi nyuma ya darasa lako dakika 40 hana mahali pa kuzinyoshea kidole akasema ndizo hizi. Na darasa kubwa au vitabu vichache hiyo ni hali ya shule, ungeikuta hata kama ungekuwa umefundisha miaka 20. Kwa hivyo ukurasa umejaa na bado haujasema kitu juu ya vile unafundisha.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) huku Kisumu, na njia naieleza hapa ndiyo naitumia mwenyewe mara moja kila muhula. Inachukua wiki moja ya kukusanya na saa mbili hivi za Jumamosi. Mambo ya nadharia utayapata kwa notsi zako za chuo, hapa twende kazini.

## Vitu vya kutayarisha kwanza

Tafuta hivi vyote Ijumaa kabla ya wiki kuanza, ukianza kutafuta Jumatatu asubuhi na kengele imelia hutafika mbali:

- Daftari ndogo ambayo haina kazi nyingine. Usitumie ile ya maandalio ya somo, hiyo hukaguliwa, na ukijua kuna mtu ataisoma utaanza kujipamba.
- Maazimio ya kazi (ule mpango wa muhula mzima), maandalio ya somo na rekodi ya kazi ya wiki hiyo.
- Karatasi mbili tupu za kuchorea ramani ya madawati.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti kama dakika 45.
- Karatasi za A4 umekata kila moja vipande vinane. Darasa la watoto 54 litakula karatasi 7.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Mwalimu mmoja unayemwamini, ambaye si bosi wako.

Hicho cha mwisho ndicho wengi hukosa, ntakirudia huko chini.

## Hatua ya 1: Chagua darasa moja na wiki ya kawaida

Chukua darasa moja tu, hata kama unafundisha mikondo mitano. Ukijaribu kuangalia yote utachoka Jumatano na utabaki na vipande visivyounganika, lakini darasa moja ukilifuata siku tano utaanza kuona kitu kinachojirudia, na hicho kinachojirudia ndicho tunatafuta.

Usichague darasa unalolipenda. Usichague pia lile linakuumiza kichwa mpaka ukifika mlangoni moyo unadunda. Chukua la katikati.

Epuka wiki ya mtihani, wiki ya riadha na wiki ya tamasha za muziki, nusu ya watoto hawako. Lakini mvua usiikimbie. Sisi watu wa huku tunajua kuanzia Machi mpaka Mei saa nane saa tisa mchana mvua ikipiga mabati hata jina lako husikii, basi kama kipindi chako kiko saa hiyo kihesabu, ndiyo kazi yako hiyo. Hakikisha tu kuna angalau kipindi kimoja cha asubuhi cha kulinganisha nacho.

Umefaulu kama kufikia Jumapili jioni umeandika ukurasa wa kwanza wa daftari: gredi, mkondo, idadi ya watoto, somo, na vipindi vyote vya wiki na saa zake.

## Hatua ya 2: Mistari mitatu baada ya kila kipindi

Ukitoka darasani, kabla ya chai, kabla ya kuingia kwa simu, andika mistari mitatu. Nilipanga nini. Kilitokea nini. Kitu gani sikukitarajia.

Sababu ya kuandika hapo hapo ni kwamba kufika jioni akili imeshalainisha kila kitu. Kipindi kilichoenda vibaya dakika 15 kinageuka kuwa "kilienda sawa tu", na kimoja ambacho mtoto mmoja alikujibu jeuri kinageuka kuwa "darasa lote halina adabu".

Tahadhari hapa: andika kilichotokea, usiandike hisia. Tazama tofauti.

Mstari usiosaidia: *Leo somo lilikuwa poa, wanafunzi walifurahia.*

Mstari unaosaidia: *Nilipanga utangulizi wa dakika 5, ulienda dakika 18. Zoezi la vikundi halikuanza. Watatu waliuliza maana ya neno nililodhani wanalijua.*

Huo wa pili ukiusoma wiki ijayo unajua pa kushika.

Kuna jambo lingine nataka uliandike bila kujificha: darasa lilitulia kwa njia gani. Kama lilitulia kwa sababu ulishika kiboko au ulitishia kukishika, andika hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza kumchapa mwanafunzi, hilo unalijua, lakini hata ukiweka sheria kando, utulivu unaotoka kwa kiboko hauwezi kukaa upande wa nguvu zako. Unaenda upande wa kuboresha, na afadhali uuone wewe kwanza kabla hajauona mtu mwingine.

## Hatua ya 3: Ramani ya madawati

Hii ndiyo hatua ilibadilisha ufundishaji wangu kuliko semina yoyote nimewahi kukalia kiti, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo.

Chora darasa lako vile lilivyo. Ubao juu, mlango, madirisha, kila dawati kisanduku kimoja na ndani yake majina ya wanaoketi hapo. Siku ya kipindi, iweke mezani, na kila mara ukimuuliza mtoto swali au ukimjibu aliyenyoosha mkono, piga mstari mmoja kwa kisanduku chake. Ukishindwa kufundisha na kupiga mistari kwa wakati mmoja, mpe kazi hiyo mwenzako wa hatua ya 7. Usimpe mwanafunzi, atawaambia wengine na mikono itaanza kunyooshwa kwa sababu ya karatasi.

Mara ya kwanza nilifanya hivi na Gredi ya 7. Madawati 18, safu tatu za madawati sita sita, watoto watatu kila dawati. Kipindi kilipoisha nilikuwa na mistari 27. Nikakaa nayo pale chumba cha walimu na chai yangu, nikahesabu mara mbili sababu sikuamini: mistari 19 ilikuwa safu ya dirishani. Madawati saba hayakuwa na mstari hata mmoja. Saba mara tatu ni watoto 21, ambao kwa dakika 40 hawakusikia majina yao kutoka kwangu hata mara moja, na mimi nilikuwa nimetoka mle ndani nikijiambia leo darasa lote limeshiriki.

Nilirudi darasani watoto wakiwa nje nikasimama pale huwa nasimama. Meza ya mwalimu iko karibu na mlango, na nikishaandika ubaoni nageuka kupitia bega la kulia, uso unaangukia dirishani moja kwa moja. Hakuna mtoto niliyekuwa nimembagua kwa kutaka. Ni vile nilikuwa nasimama, basi.

Kesho yake nilisimama upande wa pili na nikaita msichana mmoja wa dawati la mwisho karibu na mlango, mmoja wa wale wa bila mstari. Aliinuka, akaweka kidole kwa daftari yake, akasoma jibu. Alikuwa ameshaliandika. Nikajiuliza amekuwa akiandika majibu tangu Januari yakibaki hapo kwa daftari?

Ukimaliza mistari, jiulize haya matatu:

- Safu gani ina mistari mingi, na mimi husimama wapi?
- Wavulana wangapi, wasichana wangapi?
- Nikipata jibu sahihi, huwa nasonga mbele hapo hapo au namuuliza na wa pili?

Umefaulu kama unaweza kutaja kwa majina watoto watano ambao hukuwaita kabisa. Kama huwezi kuwataja basi majina yao bado huyajui, na hilo nalo liandike, ni la kuboresha.

## Hatua ya 4: Rekodi sauti yako

Kipindi kimoja tu. Sauti, si video. Weka simu mezani ikuelekee wewe.

Kabla ya kubonyeza, mwambie mwalimu mkuu au naibu unachofanya na kwa nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, kwa hivyo lengo ni sauti yako ya kujifunzia, uisikilize peke yako, halafu uifute. Isiende kwa grupu la WhatsApp, isiende kwa stetasi, hata kama mtoto alijibu kitu cha kupendeza namna gani. Shule ikikataa, usilazimishe, hatua ya 7 itafidia.

Ukisikiliza mara ya kwanza utaudhika na sauti yako. Kila mtu huudhika. Acha ipite, rudi mwanzo, sasa hesabu vitu viwili.

Cha kwanza, dakika ngapi unaongea wewe na dakika ngapi wanaongea au wanafanya kazi wao.

Cha pili ndicho kizito zaidi: ukishauliza swali, unangoja muda gani kabla hujamwita mtu mwingine au kujijibu mwenyewe? Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili darasani akakuta walimu kwa kawaida hawangoji hata zaidi ya sekunde moja hivi, na walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi majibu yalikuwa marefu, watoto wengi zaidi walijibu na wale wa kunyamaza walipungua. Sekunde tatu kwenye karatasi ni kidogo sana lakini ukiwa umesimama mbele ya watoto 54 wanakutazama zinahisi kama nusu saa, ndiyo maana tunazijaza na maneno.

Na kwa watoto wetu naona uzito wake umezidi, sababu wengi wanasikia swali kwa Kiswahili au Kiingereza, wanalipeleka kwa Dholuo au Kiluhya kichwani, wanapata jibu, halafu wanaanza kulirudisha. Ukikata hapo katikati umemkata aliyekuwa anafika.

Umefaulu kama una namba mbili kwa daftari, na umefuta sauti.

## Hatua ya 5: Daftari 12 za wanafunzi

Kusanya 12: nne za wanaofanya vizuri, nne za katikati, nne za wanaohangaika. Usichukue tu zile nadhifu zilizo juu ya rundo.

Usisahihishe. Soma tu, na kwa rangi moja zungushia kosa linalojirudia kwa watoto zaidi ya watatu, kwa rangi ya pili zungushia kitu ulichofundisha na kimeshika. Ndiyo, pia kilichoshika. Hapa ndipo ushahidi wa nguvu zako uko, na walimu wapya huupita bila kuutazama.

Nikupe mfano wangu. Daftari tisa kati ya 12 zilikuwa na "sule", "samba", "kusinda". Na pembeni kalamu yangu nyekundu imeandika *tahajia, tahajia, tahajia*, tangu wiki ya pili mpaka ya saba. Wiki sita nasahihisha na hakuna kilichosonga. Nilikuwa najihesabu mwalimu anayesahihisha kwa bidii, na ni kweli nilisahihisha kila daftari, lakini hata siku moja sikuwa nimefundisha. Dholuo haina sauti ya *sh*, mtoto anaandika kile mdomo wake unatamka, sasa ukimwandikia "tahajia" umemwambia tu amekosea na hujampa njia ya kutoka.

Nilichofanya baadaye ni dakika tano kila mwanzo wa kipindi, maneno mawili mawili: suka na shuka, saba na shaba, saka na shaka, sindano na shindano. Natamka wanaonyesha kidole kimoja au viwili, halafu mmoja wao anatamka wengine wanaandika. Na pole pole, mtu asichekwe, sababu hii si akili ndogo, ni lugha ya mama inafanya kazi yake.

Kama wewe ni wa hesabu utakuta mambo kama hayo. Mtoto anaandika nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ukikuta hiyo kwa daftari saba usiandike "wanafunzi hawako makini". Andika: *sijawaonyesha kwa nini lazima asili (namba za chini) zifanane kwanza.* Sentensi ya kwanza inamlaumu mtoto na haikupi kazi. Ya pili unajua Jumatatu unaingia na chungwa au karatasi ya kukunja.

Tahadhari: makosa ya kutojua maudhui nayo yanaweza kuwa yako. Wengi wa walimu wa sekondari msingi, na hasa wanagenzi, wamesomea masomo mawili halafu wakapewa na la tatu, umetoka chuo na Kiswahili na Dini unakuta Kilimo kiko kwa ratiba yako. Kusema "mada hii mwenyewe sijaishika" hakukupunguzii kitu, mradi uiandike mada kwa jina.

## Hatua ya 6: Waulize watoto

Dakika tano za mwisho, gawa vile vipande. Maswali mawili ubaoni, usiongeze la tatu:

1. Mwalimu hufanya nini kinachokusaidia kuelewa?
2. Ni wapi ulipotea wiki hii?

Bila jina. Mruhusu anayetaka aandike kwa lugha yoyote. Vipande viingie kwa boksi au bahasha, usivipokee mkononi.

Usiulize "mnanipenda?" wala "mimi ni mwalimu mzuri?", watakujibu unachotaka kusikia. Na usikae ukichunguza mwandiko kujua nani aliandika nini. Ukimtafuta mmoja tu, hata kwa mzaha, darasa hilo halitakuambia ukweli tena mwaka mzima.

Panga vipande kwa marundo. Kitu kilichosemwa na mtoto mmoja kiache kando, kilichosemwa na sita au zaidi kiingize kwa daftari. Utashangaa mara nyingi wanataja kitu kidogo ambacho hata hukuwa unakihesabu. Mimi waliandika "anachora". Michoro yangu ya vijiti pale ubaoni, ambayo nilikuwa naifanya tu kuokoa muda, watoto kumi na kitu waliitaja.

Kipindi kinachofuata waambie umesoma na utabadilisha kitu kimoja, ukitaje.

## Hatua ya 7: Mwite mwenzako darasani

Mkuu wa idara au naibu atakuja kuangalia kipindi chako mara moja kwa muhula kwa ajili ya TPAD, ile tathmini rasmi ya kazi ya mwalimu, hilo lipo. Lakini siku hiyo umevaa shati la Jumapili na zana za kufundishia zimejaa meza. Unahitaji mtu aje siku ya kawaida.

Mpe kazi moja tu. Ukimwambia "niangalie tu" atakuja kukuambia "ulifanya vizuri mwalimu" sababu ni mwenzako na mtakula githeri pamoja saa saba. Mwambie: hesabu mara ngapi najijibu mwenyewe. Au: piga mistari kwa ramani hii. Au: angalia kikundi cha nyuma kinafanya nini nikiwa naandika ubaoni.

Mwenzangu aliyekuja kwangu alingoja tukafika chini ya mwembe nje ya chumba cha walimu.

"Mwalimu, nisikufiche," akasema. "Lile swali la pili uliliuliza, ukalijibu, halafu ukawapongeza."

"Niliwapongeza?"

"Ulisema vizuri sana. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo."

Singeweza kulijua hilo peke yangu. Nilimshukuru, na wiki iliyofuata nikaenda kwake mimi. Hiyo ndiyo bei, ukimwita nawe uende, la sivyo inageuka ukaguzi.

Kama shule yenu ni ndogo na kila mtu yuko darasani saa hiyo hiyo, ongea na mwalimu wa ratiba mapema. Kipindi kimoja huwa hakikosekani.

## Hatua ya 8: Jumamosi, panga kila kitu

Sasa kaa chini na daftari, ramani, namba, vipande na maneno ya mwenzako. Gawa ukurasa safu tatu: Naweza, Ya kuboresha, Si yangu.

Safu ya tatu ndiyo inaokoa zile mbili. Mabati na mvua, vitabu vinne kwa watoto 54, mtoto anayekuja bila kula, yaweke huko yote. Hujayapuuza, utayapeleka kwa mkutano wa idara au kwa mwalimu mkuu, lakini yakikaa kwa safu yako ya kuboresha yatakula nafasi ya mambo uliyo na uwezo nayo.

Kanuni ya kuingia safu mbili za kwanza ni ushahidi wa mahali pawili. Kama wewe tu ndiye unaona ni nguvu na daftari za watoto hazionyeshi, bado. Kama kipande kimoja kinalalamika na mwenzako hakuona, bado.

Kisha andika kila moja kwa sura hii: *nafanya nini, imeonekana wapi, watoto wanapata nini.*

Nguvu: *Nachora wazo ubaoni kabla ya kueleza, vipande 14 vimetaja, na daftari 8 kati ya 12 zimenakili mchoro na kuutumia kwa insha, watoto wanakumbuka mpangilio wa insha bila kuuliza.*

Ya kuboresha: *Nauliza upande mmoja wa darasa, ramani ina madawati 7 bila mstari, na mwenzangu amehesabu vivyo hivyo, watoto 21 hawapati nafasi ya kujaribu jibu kwa sauti.*

Soma hiyo ya pili tena. Ni kosa, na ni kubwa, lakini mtu yeyote akiisoma anaona mwalimu anayejua darasa lake.

Naomba usiruke safu ya nguvu ati kwa unyenyekevu. Nimeona mwalimu kijana ameambiwa vipindi vyake vina kelele, akaenda akaua kazi ya vikundi yote ili darasa litulie, na kumbe ile kazi ya vikundi ndiyo ilikuwa inafundisha, hakuwa ameiandika mahali kama nguvu yake basi ikaenda na maji.

Umefaulu kama una nguvu mbili au tatu, na ya kuboresha mawili au matatu, yote na ushahidi, na hakuna neno kama mvumilivu au mwenye bidii popote.

## Hatua ya 9: Chagua moja, wiki tatu

Moja. Najua ukishaona yote matatu unataka kuanza yote Jumatatu. Utafanya siku mbili halafu utarudi ulipokuwa.

Chagua ile inayogusa watoto wengi zaidi na ambayo unaweza kuanza bila kuomba pesa kwa mtu. Andika vitu vinne: nitafanya nini, lini katika kipindi, kwa wiki ngapi, na nitapimaje.

Yangu ilikuwa hivi. Nitaandika majina yote 54 kwa vipande vya katoni, nitavitia kwa mkebe, na swali la kwanza na la mwisho la kila kipindi litajibiwa na jina linalotoka mkebeni. Nitasimama upande wa dirisha nusu ya kipindi ili uso uangukie safu zile mbili nyingine. Baada ya swali nahesabu moja, mbili, tatu kimya kimya. Wiki tatu, kisha ramani mpya.

Tahadhari na mkebe: mtoto akishindwa, usimwache amesimama. Mwambie aombe msaada kwa dawati lake, wajadiliane, arudi na jibu. Ukimwaibisha mara moja, kila ukishika mkebe darasa litajikunja.

Wiki ya kwanza itakuwa mbaya kuliko ulipoanza, kipindi kinakwenda polepole na utaachwa nyuma kidogo na maazimio ya kazi. Vumilia. Ramani yangu ya pili ilikuwa na madawati mawili bila mstari, kutoka saba. Sikufika sifuri, na niliandika mawili kwa daftari vile yalikuwa.

## Hatua ya 10: Peleka kwa fomu

TPAD imekuwa kwa shule za umma nchi nzima tangu 2016 na bado kuna walimu wanaijaza usiku wa mwisho wa muhula kwa kunakili ya mwenzao. Wewe una daftari. Pale unapojipa alama mwenyewe, weka sentensi za hatua ya 8. Pale pa malengo, weka mpango wa hatua ya 9, pamoja na namba ya kabla na ya baada.

Watu huogopa kuandika la kuboresha ati litawahukumu, hasa mwanagenzi au mwalimu wa BOM, yule ameajiriwa na bodi ya shule, ambaye bado anangoja barua ya ajira. Ninachokiona nikikaa na wakuu wa idara ni kwamba fomu iliyojaa sifa tupu inaulizwa maswali mengi, na ile inayosema nilikuta hivi, nikafanya hivi, sasa iko hivi, haibishaniwi. Ukienda mahojiano ya kazi pia, wakikuuliza udhaifu wako, toa ile ramani ya kwanza na ya pili uziweke mezani.

Majina ya watoto yafunike kabla hujazionyesha mtu. Daftari ibaki kwako nyumbani, si kwa kabati ya shule, na kwa ukurasa wake wa mwisho andika sasa hivi tarehe ya Jumatatu ya wiki ya nne ya muhula ujao na jina la darasa utakaloanza nalo.